Mgeni Naye Akalie Mbuzi

Simu ya ugeni huku Kibiti hupigwa Ijumaa usiku baada ya Isha, wakati muuza mchele ameshafunga duka na mwenye kamba ameshauza wote. "Shangazi, shikamoo. Kesho tunakuja kuwasalimia." Marahaba, karibuni sana, mko wangapi? "Sisi tu." Mwenyeji mzoefu anajua kwamba "sisi tu" ni Noah iliyojaa hadi kiti cha nyuma, pamoja na mtoto wa jirani wa Mbagala aliyesikia kuna safari akaomba aje. Saa ya kufika hawaitaji, maana barabara ya Kilwa haiahidiki. Ukivuka Rangi Tatu bado una Kongowe, ukivuka Kongowe bado una malori ya Vikindu. Kilomita zenyewe hazifiki 150, lakini aliyesema atafika saa nne anaingia saa nane, na anaingia na njaa.

Napenda wageni, na mlango wangu haujawahi kufungiwa mtu. Ninachotaka kukisema kinahusu chakula cha mchana cha Jumamosi, ambacho siku hizi ndicho ugeni wenyewe, mwanzo hadi mwisho. Kimebebeshwa mzigo ambao zamani uligawanywa kwa majuma mawili matatu, na mzigo huo wote umetuliwa mgongoni kwa mtu mmoja, naye yuko jikoni.

Methali tunaijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumcheka mgeni asiyeaga. Mtu anayepika akiitazama ataona ilikuwa hesabu ya haki. Siku mbili za kwanza ni za kumpumzisha miguu, kumchinjia kuku, kumtandikia mkeka mpya. Kuanzia ya tatu amekuwa mtu wa nyumbani: anakwenda shamba na wenzake, anakula walichotoka nacho huko, na hakuna anayehangaika tena kumpikia cha pekee. Gharama ya siku mbili ilirudi kwa jembe. Mgeni wa leo anafika Jumamosi mchana, na Jumapili baada ya Adhuhuri anawasha gari. Siku ya tatu hajawahi kuiona. Kila akija yuko ndani ya zile siku mbili za heshima, na akirudi Desemba hesabu inaanza upya.

Ugeni wa aina hii umeletwa na lami. Wenye umri wao wanakumbuka barabara hii ilivyokuwa masika, mabasi yakilala kwenye matope na abiria wakishuka kusukuma. Kwa waliokuwa wakielekea Muhoro au Kilwa kulikuwa na kivuko cha Ndundu, na mto ukifura pale watu walipiga kambi. Daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikaendelea kuunganishwa kipande kwa kipande. Kabla ya hapo, mtu aliyetoka Dar es Salaam kuja Rufiji (na wakati huo hata Kibiti ilikuwa Rufiji, haijamegwa kuwa wilaya) hakuja kula mchana. Alikuja kukaa. Alikuja na sanduku.

Na alipokaa, alikaa kazini. Mpunga wa bonde la Rufiji hupandwa kabla mto haujapanda, husimama na maji, huvunwa maji yakishuka. Kisha udongo ule wenye unyevu hupandwa mahindi, kunde na maboga ya mlao. Serikali iliwatoa watu bondeni mwishoni mwa miaka ya 1960 baada ya mafuriko, ikawapanga kwenye vijiji vya juu, lakini mpunga haukukubali kuhama. Msimu ukifika familia zilirudi chini na kuishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kulinda shamba dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Mgeni aliyeingia msimu huo alipelekwa dunguni. Akapewa kombeo na debe la kugonga, basi, ugeni ukaisha. Binamu zangu waliozaliwa Temeke wanajua kuwinga ndege kwa sababu likizo zao za shule zilipotelea huko. Mpaka leo hao ndio wageni ninaowatamani: wanaingia, wanavua viatu, wanauliza kisu kiko wapi.

Kuna wageni wengine ambao hawaji kwa lami. Ukoo wa mama yangu uko delta, na kule barabara ni mikono ya mto, ratiba ni maji kujaa na maji kupwa. Mikoko ya delta ya Rufiji hukadiriwa kuwa hekta 50,000 hivi, na hakuna msitu wa mikoko ulio mkubwa kuushinda nchi nzima. Salale, Mbuchi, Kiongoroni, Maparoni, vyote vimejibanza humo ndani. Wengi wanaotoka huko husubiri maji yajae, wakapanda boti hadi Nyamisati, kisha wakakata nchi kavu mpaka Bungu ndipo wakaikuta barabara kuu. Mgeni wa delta humuulizi amekuja na nini, kapu lake linajisema kwa harufu. Uduvi mkavu uliotandwa na wanawake kwa vitambaa kwenye maji mafupi. Kaa wa mikokoni, magando yamefungwa kwa ukindu. Samaki wa moshi. Nazi, hata kama anajua hapa zipo.

Wa Dar es Salaam huja na mikate, sukari, soda za chupa kubwa na, siku za karibuni, kuku wa kisasa aliyegandishwa ambaye mpaka Bungu ameshaanza kuyeyuka na kulowesha kiti. Simlaumu. Kila mmoja amekuja na alichonacho, na jikoni kwangu wanakutana, maana Kibiti yenyewe imekaa hivyo, kati ya barabara na maji. Ila tazama kinachofuata. Shangazi wa delta, mtu mzima kuliko sisi sote pale, akishasalimiwa anakunywa maji, anafunga kanga kiunoni na kuuliza mbuzi iko wapi. Mpwa wa Dar es Salaam anauliza wapi pa kuchajia simu.

Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaoila hawajaiona.

Kwa sufuria la watu kumi na watano unataka nazi nne au tano zilizokomaa. Kama kuna kamba wa nazi na kisamvu, ongeza nyingine kama hizo. Unazifua kwenye kifuo, unazivunja, maji yake wanagombea watoto. Kisha unakalia mbuzi. Kibao kiko chini yako, meno ya chuma yako mbele, kifuu viganjani, na unazungusha kidogo kidogo. Siri ni kujua pa kuishia: ukikwangua mpaka kwenye lile ganda la kahawia, tui linaingia weusi na wali hautakuwa mweupe. Nazi ya kwanza inakwenda kwa furaha. Ya tatu mapaja yanauma. Ya sita huongei na mtu. Baada ya hapo unamimina maji ya vuguvugu, unafinyanga machicha kwa vidole, unakamua kwenye kifumbu. Tui la kwanza, zito, unalitenga. La pili na la tatu, jepesi, ndilo litakalouivisha mchele.

Wakati huo kisamvu kilishaanza zamani. Kisamvu cha kweli kinaanza alfajiri, majani machanga yamechumwa kungali na umande, yametwangwa kinuni mpaka yamelegea, na yamechemshwa muda mrefu. Muhogo una sumu yake, na dawa ya sumu ile ni mchi na moto wa kutosha. Anayekiharakisha kisamvu kwa sababu wageni wamefika amewafanyia ubaya. Huku kwetu ardhi ni ya korosho, basi korosho zilizovunjika, zile zisizopata bei, zinatwangwa na kutiwa humo pamoja na tui. Sijaona hotelini kisamvu kinachokaribia hicho.

Kamba kazi yao ni kuwamenya na kuwatoa uzi mweusi wa mgongoni mmoja mmoja. Moto wenyewe ni wa dakika chache, wakizidi wanakakamaa. Unaanza na kitunguu, nyanya, bizari kidogo, chumvi, unawatia kamba, mwisho kabisa tui zito, na hapo huachi mwiko wala hufuniki. Tui la kwanza likichemka bila kukorogwa linakatika, mafuta huku, maji kule, na hakuna wa kulirudisha. Hapa ndipo hasa hodi hubishwa mlangoni. Hapa ndipo mtoto huja kusema, "Mama, wamefika, wanakuita uwasalimie."

Wali nao una adabu yake. Tui jepesi linachemka na chumvi, mchele unaingia, unakunywa. Ukibaki na unyevu wa juu juu unamwagia tui zito, unageuza mara moja tu, unafunika. Halafu unapalia: makaa yanatolewa chini na kupangwa juu ya mfuniko, moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Hakuna saa ya kupima. Unasikiliza kwa pua. Harufu ya nazi ikianza kuelekea kukaangika, umeiva, na chini kumeshafanya ukoko, ile tabaka ya rangi ya dhahabu iliyoshika sufuria, ambayo nyumba nyingine huloweka na kumwaga na nyumba zenye akili hugombea.

Na moto? Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa mapafu yangu yote mawili. Mtungi ninao, na siku za kawaida chai na maharage ni kwa gesi. Lakini siku ya wageni kumi na watano, mtungi mdogo wenye jiko kichwani haubebi sufuria la wali, wala hauna makaa ya kupalia juu. Basi tunarudi kwenye mafiga na mkaa, huku bomba la gesi ya Songo Songo likipita ardhini ukanda huu kwenda Dar es Salaam tangu 2004. Najua gesi ya bombani si ile ya mtungini, nilishaelezwa. Bado hunichekesha.

Sasa jumlisha. Kuanzia alfajiri hadi saa saba, mikono miwili au minne, ya mama wa nyumba na labda binti mmoja. Nje, chini ya mwembe, wanakaa watu wazima wenye afya, wanaongea habari za Simba na Yanga. Ukiwauliza watakwambia jikoni ni kwa wanawake, ndiyo desturi ya pwani. Hii ndiyo hoja ninayoikataa, na naikataa kwa kutumia pwani hiyohiyo. Kwenye maulidi, kwenye harusi, kwenye arobaini, nani anasimamia masufuria ya pilau? Wanaume. Wanakata nyama usiku kucha, wanachochea kuni, wanageuza wali kwa koleo, wanaonja na kubishana kuhusu bizari. Na wanawake hawaji mikono mitupu: kila mmoja na kisu chake, wengine na mbuzi zao kwapani, wanakaa duara wanakuna na kusutana kwa utani. Shughuli ya watu mia tatu haimvunji mtu mgongo. Chakula cha watu kumi na watano kinamvunja, kwa sababu hiki tumekiita kidogo, na kilichoitwa kidogo hakiitiwi watu.

Kuna jambo la pili, nalo ni letu sisi wenyeji. Tunapikia aibu. Mtu ana uduvi mzuri ndani, ana muhogo mkavu wa kusongea ugali, ana kunde mbichi, ana ndizi za kupika kwa nazi; akisikia wageni wa mjini anakimbilia kukopa aletewe kuku wa kisasa na mchele wa pilau, ili wasije wakasema huku tumebaki nyuma. Mgeni naye kule alikotoka amekula kuku wa kisasa Jumatatu mpaka Alhamisi. Amesafiri saa nne akitamani uduvi. Lakini akiuona pilau hana budi kuusifu, na mwenyeji akisifiwa anaamini amepatia, na mwaka unaofuata anakopa tena. Nimeshuhudia mama mmoja wa mtaani kwetu akificha bada, ugali wa muhogo, chini ya kawa mpaka wageni walipoaga, ndipo akatoa akala na wanawe. Wageni wale walipokuwa wakipanda gari walikuwa wakiulizana kwa nini huku watu hawapiki tena bada.

Habari ya kamba ndiyo inayoniumiza zaidi. Kamba wa delta hukulia mikokoni, na wakivuliwa wale wazuri huingia kwenye barafu hapohapo na kupita hapa Kibiti bila kushuka. Anayetaka kamba wakubwa Jumamosi asubuhi ana nafasi nzuri zaidi akiwa soko la Feri, Dar es Salaam, kuliko akiwa nyumbani kwangu. Hivyo mpwa wangu anatoka mjini kuja kula kamba waliopita njia hiyohiyo jana yake wakienda mjini. Na hata hao nusura tuwakose kabisa. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi mkubwa wa kampuni ya African Fishing Company wa kufuga kamba kwa mabwawa ndani ya delta, maelfu ya hekta, kamba wa kuuzwa nje. Watu wa delta waligawanyika, wengi wakapinga, shauri likafika mahakamani, na mwisho wa yote mradi haukujengwa. Leo hatuuzungumzi sana, lakini kila ninapowamenya kamba wa shangazi yangu, waliovuliwa kwa nyavu za watu wa kijijini, najua kuna watu walikataa kitu ili hawa wafike kwenye sufuria hili.

Mchele nao siku hizi si wa kujivunia kila mara. Aprili 2024 mto ulipanda, mvua za juu na maji ya Bwawa la Mwalimu Nyerere vikakutana na masika ya huku, mashamba ya Rufiji na Kibiti yakalala chini ya maji, Muhoro watu wakahama nyumba. Wengine walisema ni bwawa, wenye mamlaka wakasema bila bwawa ingekuwa mbaya kuliko hivyo. Mimi si mhandisi. Ninachojua ni cha jikoni: Idi el-Fitri iliangukia wiki zilezile, na mwenye nyumba aliyezoea kupika Idi kwa mpunga wa bondeni kwake alikwenda dukani kununua mchele wa Mbeya kwa fedha taslimu, tena kwa watu wengi kuliko kawaida, kwa sababu jamaa wa bondeni walikuwa wamehamia kwake. Hakuna mgeni aliyeambiwa asije. Na mwenyeji hakusema mchele umetoka wapi, maana kusema ni kudai.

Kutosema huko ndiko tunakokuita ukarimu. Utasikia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli anapona. Watoto wa nyumba hii hawana siku wanayoipenda kama ya wageni, ndiyo siku wanayopata mnofu. Mimi mwenyewe nilikua hivyo, nikichungulia barabarani nione kama kuna mtu anayeshuka na kapu.

Wala sitaki mtu anielewe kwamba nataka pakae kimya. Pameshawahi kukaa kimya. Kati ya 2015 na 2017, wakati viongozi wa vijiji na askari walipokuwa wakiuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na hasa baada ya askari wanane kuuawa kwa mpigo Aprili 2017, simu za Ijumaa zilikoma. Bodaboda zilizuiwa usiku, magari yalikuwa yanatupita bila kusimama, na jamaa wa mjini walituambia kwa upole kwamba watakuja hali ikitulia. Hatukuwalaumu. Tulipika vyakula vya mchana vya watu wanne, nazi moja, na sufuria kubwa likakaa juu ya dari likiota vumbi. Anayeishi hapa hawezi kulalamikia wageni bila kukumbuka miezi ile, na ndiyo maana silalamiki wingi wao. Nalalamikia mikono yao iliyolala.

Kwa hiyo nyumbani kwangu jembe la siku ya tatu nimelisogeza mbele hadi saa ya kwanza. Mgeni anakunywa maji, anasalimia wazee, anaoneshwa pa kuwekea mkoba, na akiwa mzima wa afya anapewa kazi. Kazi ya kwanza ni nazi. Nimewakalisha mbuzi watu wenye shahada mbili. Mume wa mdogo wangu, mhasibu, alianza kwa kukwangua vifuu mpaka tui likawa kijivu. Sasa anakuna vizuri kuliko binti yangu na huja na maoni kuhusu nazi za Mafia na za hapa. Vijana nimewapa kamba wamenye, simu wameweka pembeni kwa sababu mikono ina maji. Shemeji mmoja mkubwa alisema haiwezekani, yeye ni mgeni. Nikamkumbusha kwa heshima zote kwamba kwenye harusi ya mwanawe aligeuza pilau kwa koleo mpaka akatoka jasho na watu wakampigia vigelegele. Alicheka, akachukua mwiko. Hakuna kilichoharibika, si heshima wala wali.

Wapo waliochukia. Wifi mmoja aliniletea maneno kwa mzunguko kwamba siku hizi kwangu wageni wanafanyishwa kazi. Ni kweli wanafanyishwa. Yeye mwenyewe akija kwenye msiba huosha vyombo tangu asubuhi mpaka usiku bila kuombwa. Kwa nini basi tungoje mtu afe ndipo tusaidiane kuosha sufuria?

Nimeongeza na masharti madogo ambayo kwa adabu za zamani ningeona aibu kuyataja. Idadi itajwe. "Sisi tu" haipokelewi, nataka tarakimu. Anayeweza kutuma kitu cha sokoni atume Ijumaa mchana, wakati kitu bado kipo, kuliko kuniwekea noti mkononi Jumapili akiwa ameshafunga mkanda, noti ambayo sote wawili tunajifanya hatuioni. Kuku wa kugandishwa abaki mjini. Na buti la gari lisifunguliwe kimya kimya. Mgeni wa mjini huondoka na nazi, maembe, muhogo, machungwa, na siku hizi huuliza kama anaweza kupata gunia moja la mkaa "wa huku". Vya shambani kwangu nitampa kwa moyo mmoja, ndivyo tulivyolelewa, mgeni haondoki mikono mitupu. Mkaa akanunue kwa mwenye kibali, alipe ushuru wake, na nyumbani kwake apikie gesi kama Rais alivyosema.

Tunakula kwa wakati mmoja pia, na hili lilikuwa gumu kuliko nazi. Desturi ilikuwa sinia la wanaume barazani, la wanawake uani, na aliyepika anakula mwisho, amesimama, akiwa ameshashiba moshi. Sijavunja masinia, watu wazima wamezoea yao. Nimesema tu kwamba hakuna sinia linalotoka mpaka aliyepika ameketi. Mara ya kwanza wanaume walisubiri wakitazamana na birika la kunawia mkononi. Shangazi wa delta ndiye aliyenitetea. Alisema kule kwao, wakati wa madungu, aliyepika ndiye aliyekuwa wa kwanza kula kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi majini.

Saa nayo imepangwa, na imepangwa kwa ajili ya shangazi huyo. Lazima awe Nyamisati kabla maji hayajaanza kupwa, asije akalala juu ya tope katikati ya mikoko. Maji yakijaa mapema, tunapakua saa sita. Yakichelewa, saa saba baada ya swala. Wenye magari wao wanaweza kuondoka wakati wowote, basi wao ndio wafuate saa ya asiye na gari. Atakayechelewa njiani nitamfunikia chakula chake chini ya kawa, wali, kamba na kisamvu, kama wenzake. Ukoko asiuulizie. Ule ni wa waliokuna nazi.